Mama Mkwe Nyuma ya Turubai

Turubai lilipoinuliwa uwanjani, Harlan Kessinger alijua kazi yake ni ipi: kuongopa kwa sauti nzuri.

"Ametikisika tu, mabibi na mabwana," aliuambia umati wa rodeo ya Sutter Flats, mashindano ya kupanda farasi wakorofi, kutoka kwenye kibanda cha mtangazaji, juu ya majukwaa. "Daktari wa mifugo yuko naye. Mpigieni makofi bibi yetu."

Watu wakapiga makofi. Chale, mchekeshaji wa uwanjani, akaangusha suruali yake, kama ilivyo desturi, ili macho yapate pengine pa kutazama. Nyuma ya turubai, lililoshikwa na wanaume wenye kofia pana na nyuso za mazishini, alilala Mama Mkwe, farasi jike mwekundu mwenye doa jeupe la mwezi kwenye paji la uso, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuna mwanamume katika jimbo zima la Wyoming aliyeweza kukaa naye zile sekunde nane za ushindi. Mkanda ulikazwa kiunoni mwake, akaruka, akatua vibaya, na Harlan akauona mguu wa mbele ukining'inia kama soksi kwenye kamba.

Kutoka kule juu angeweza kuchungulia nyuma ya turubai. Hakuchungulia. Aligeukia ukuta akasoma matangazo ya matrekta. Ndivyo alivyofanya miaka yote, kwa kila farasi aliyeanguka, na kila mmoja wao, kwa mujibu wa Harlan, sasa alikuwa mahali fulani akila majani mabichi. Kama malisho hayo yangekuwepo kweli, Wyoming isingebaki na nafasi ya watu.

Asubuhi iliyofuata, kanisa lilipokuwa likigawa chapati za maji na sirapu karibu na uwanja, Verla Stroud alikuja na sahani yake akaketi mbele ya Harlan. Verla alikuwa mjane. Ndiye aliyemlea Mama Mkwe kwa chupa ya maziwa, jikoni mwake, kabla ya kumuuza kwa Dwight Pomeroy, mwenye farasi wote wa rodeo ile.

"Nimekuja na trela," alisema. "Nataka nikamuuguze nyumbani. Dwight kila nikimuuliza ananiambia nisubiri. Sasa niambie wewe. Ni mzima?"

Harlan alitafuna. Chapati ilikuwa laini, lakini haikumezeka.

"Maana wale vijana wenye mabango pale getini nimewatolea uvivu," Verla aliendelea. "Wanasema tunaua farasi. Nikawaambia Harlan kasema yuko salama, na Harlan haongopi. Mchungaji wetu tunamkagua, wewe hatukukagui."

Harlan alimwambia ngoja akaulize. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu jana.

Alimkuta Dwight nyuma ya vizimba, akinawa mikono kwenye ndoo kwa bidii ya daktari wa upasuaji. Akamuuliza Mama Mkwe yuko wapi. Dwight akasema amepumzika. Harlan akauliza amepumzika vipi.

"Harlan, bwana, miaka yote hii hujawahi kuuliza," Dwight alisema bila kuinua macho. "Mbona unataka kuanza uzeeni? Kasome matangazo."

Jibu gani tena alitaka?

Mchana, baada ya bendera kuzungushwa na sala kusomwa, kofia zikiwa bado vifuani, Harlan alishika kipaza sauti. Alisema Mama Mkwe amekufa. Alisema alijua tangu jana, akawaongopea mbele ya macho yao. Akawataja na wengine, jina kwa jina, wale wote aliowapeleka malishoni kwa mdomo wake.

"Mimi niliogopa kutazama," alisema, "nikawafumba macho na ninyi. Verla, nisamehe."

Kifua cha Harlan kilikuwa chepesi. Hakukumbuka lini mara ya mwisho kiliwahi kuwa hivyo.

Ndipo lango la mbali likafunguka.

Dwight aliingia akiongoza farasi jike mwekundu kwa kamba, mwenye ule mwezi mweupe kwenye paji la uso ambao mji mzima uliujua. Alitembea bila kuchechemea hata kidogo. Umati ukainuka kwa vigelegele na mbinja. Chale alipiga magoti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyedhani anatania.

"Msameheni mzee wetu," Dwight alisema kwenye kipaza sauti cha uwanjani. "Jana jua lilikuwa kali."

Uwanja mzima ukacheka. Harlan akacheka nao, machozi yakimtiririka. Hakuwahi kufurahi hivyo kuonekana mpumbavu. Aliteremka ngazi kama kijana, akavuka vumbi, akanyakua kipaza sauti kwa Dwight na kuapa mbele ya bendera kwamba amekosea. Huyu ndiye Mama Mkwe mwenyewe, mzima wa afya. Yote aliyoyasema yafutwe, na wale wengine nao, Mungu shahidi, bila shaka wako malishoni.

Walimshangilia kuliko walivyowahi kumshangilia mpanda farasi yeyote. Kule getini, wale vijana walianza kukunja mabango yao, mmoja mmoja, bila kutazamana.

Verla alikuwa ameshashuka jukwaani, anakuja mbio, mikono mbele, akiliita jina la mtoto wake wa chupa.

Harlan alimgeukia farasi ili amshukuru. Akampapasa kwenye mwezi wa paji la uso, taratibu, kwa mkono uliolowa jasho. Alipouondoa, mwezi ulikuwa umebaki nusu, na kiganja chake kilikuwa cheupe pe.