Tembo na Mlinzi wa Dereva

Wanyama walipoanza kupanda magari, Tembo na Nyati walitaka kutoa mtaji wa kumwajiri mlinzi wa kumwangalia dereva asisinzie. Nyati alishauri Bundi na Popo washindane. Tembo akacheka.

"Popo mwenye vijicho vile? Ndugu yangu, Bundi hana mpinzani."

"Tuwajaribu kwanza," akasema Nyati.

Wakapanda wote, Sungura akiendesha. Bundi alimkodolea dereva macho bila kupepesa, akirudia, "Macho yake yako wazi. Tuko salama." Popo alining'inia nyuma, kimya. Walipoukaribia mteremko wa korongo, akapiga ukelele: "Amelala!"

"Mwongo! Macho yake yako wazi!" Bundi akafoka.

Tembo akanyoosha mkonga, akavuta breki, gari likasimama ukingoni kabisa. Mawe yakaporomoka chini. Sungura akazinduka, kumbe yeye hulala macho wazi.

Tembo akamgeukia Popo. "Popo, umeonaje?"

"Sikuona, mzee. Nilisikia pumzi zake zimebadilika."

Tembo akakiinamia kiumbe kile kidogo kama jani. Kisha akanong'ona, "Nyati ndugu yangu, tungemchukua Bundi peke yake, sasa tungekuwa chini kule."