Kidonge cha Dhahabu

Malsun aliangukia beseni la kabichi za kimchi, achari ya Kikorea, chumvi ikamjaa shavuni. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, mdomo umekwenda upande, na maneno yamegoma kutoka.

Wifi yake alitoka ndani mbio na kidonge cha dawa ya asili kilichovikwa karatasi ya dhahabu, kile kinachotunzwa kabatini kwa ajili ya siku kama hiyo.

"Meza, wifi yangu. Kiharusi hakifui dafu kwa hiki."

"Shangazi, acha!" mke wa mwana wa Malsun alipiga kelele, simu sikioni. "Gari la wagonjwa liko njiani. Wamesema asipewe kitu, atapaliwa. Hospitali wana dawa ya kuzibua mshipa, ubongo usiendelee kufa."

"Wewe hata kabichi hujui kutia chumvi, utanifundisha mimi dawa?"

Malsun alisikia yote. Mumewe naye alimezeshwa kidonge kama hicho na dada yake huyu huyu, wakakaa kungoja kimponye mpaka akakata roho. Malsun akabana meno.

Wifi akambana pua. "Fungua, mkaidi wewe!"

Akafungua. Kidole kilipoingia na kidonge, alikiuma kwa nguvu zote za upande uliobaki mzima.

"Mama wee! Ameniuma!"

"Basi ubongo bado upo," mkwe alisema.

Kidonge kilidondokea kwenye maji ya chumvi, dhahabu ikaanza kubanduka. Wifi alikiokota, akakifuta kwa aproni, akageuka kumlisha tena.

Malsun alikuwa anamsubiri, meno nje.