Daftari la Matangani

"Majina! Alikuwa anaandika majina ya watakaofuata!"

Esnah, wifi ya marehemu, alilisema hilo kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni Nyaramba, mikono kiunoni, leso imemteleza begani.

"Majina gani tena?" Nyamusi, jirani wa ng'ambo ya mto, alimjibu bila kuacha kuchambua mboga. "Hata angeandika lako, Esnah, ungelijuaje? Wewe na herufi mlikutana wapi?"

"Cheka tu. Siku ya nne hii tangu tumzike Persis. Watu sauti zimekauka. Huyu ametoa chozi? Hata moja! Mtu wa macho makavu kwenye matanga, si tunamjua ni nani?"

Neno lenyewe hakulitaja, na hakukuwa na haja. Tangu jana hakuna aliyepokea maji mkononi mwa Nyangate, wala aliyemwita kula.

Nyangate alikuwa nyuma ya ghala la wimbi, anasikia yote. Miaka kumi na sita, yatima, mtoto wa dada ya marehemu. Si wa ukoo ule. Persis ndiye aliyemleta, akamlea, akamfundisha kusoma jikoni kwa kipande cha mkaa. Sasa Persis hayuko, na mtoto wa kuja akishaitwa mchawi hufungashiwa virago. Aende wapi?

Kulia alikuwa amejaribu. Alijifunika leso, akajifinya, akafikiria ule udongo ukiangukia mbao. Wapi! Mwili ulikuwa umechoka tu, kama wa mtu aliyelima mashamba matatu ya watu wengine. Ndipo akachukua daftari. Ukurasa mmoja, basi:

Nimechoka. Sina machozi. Esnah hulia akiangalia nani anamwangalia. Sijui kama mama mdogo nilimpenda au nilimzoea. Labda wanasema kweli kunihusu.

Aliusoma, akaona ni maneno ya hovyo, hayafai hata kuwashia moto. Alikuwa bado hajaamua kuuchana pale Esnah alipozunguka ghala na kumnyang'anya daftari.

"Tutajua leo leo. Asome Mhubiri!"

Waliojulikana kuwa wanajua kusoma katika boma lile walikuwa watatu: marehemu, mumewe Mhubiri Obwocha, na Nyangate mwenyewe.

Obwocha alikuwa kwenye kigoda kando ya kaburi bichi, na koti la Sabato ambalo hakulivua tangu mazishi. Barua ya misheni ilichungulia mfukoni. Ilifika siku ya msiba, na bado haijafunguliwa. Nani ana moyo wa barua? Hata Zaburi ya mazishi aliitoa kichwani, macho amefumba. Biblia hajaigusa, na watu walimwelewa. Miaka ishirini, kila Sabato, wanawake wote walikaa upande wao isipokuwa Persis. Yeye alikaa mbele na mumewe, akimfungulia kitabu, akimnong'oneza sikioni, mpaka wenzake wakawa wanamtania: nyinyi wawili hamwachani hata mbele ya Mungu!

Mhubiri alipokea daftari kwa mikono miwili. Alilitazama muda mrefu. Watu walisogea. Nyangate alikaza macho chini, akangoja.

"Persis," Mhubiri akaanza, kidole kikitembea juu ya mistari kama kila Sabato, "sina machozi kwa sababu umeondoka nayo. Ulikuwa ukisema umeshiba, kumbe sufuria ilikuwa tupu. Esnah alipojifungua mapacha, ulikaa naye siku tatu, hukurudi nyumbani hata kubadilisha nguo."

Esnah akashusha mikono kutoka kiunoni.

Mhubiri akafungua ukurasa wa pili, kidole hakikupumzika. "Kila kitu nilikiona kwa macho yako. Sasa umeniacha gizani, na jua liko juu. Nani atanionyesha njia, Persis? Nitamwambia nani kwamba naogopa?"

Ukurasa wa pili haukuwa na kitu. Nyangate peke yake ndiye aliyelijua hilo.

Esnah aliketi chini kwenye vumbi. Alilia safari hii bila kutazama mtu. Nyamusi akaacha mboga. Boma zima likalia, na Nyangate, bila kujifinya, akahisi mashavu yake yamelowa.

Amedanganya, aliwaza. Mzee wa kanisa, mbele ya kaburi la mkewe, amedanganya ili mimi nisifukuzwe. Na maneno kama yale, papo hapo! Yeye alitumia asubuhi nzima kupata mistari mitano ya uchungu. Aliapa moyoni kwamba hatashika kalamu tena.

Watu walipoingia ndani kula, Mhubiri alibaki kwenye kigoda. Nyangate akapiga magoti mbele yake.

"Asante, Tata, baba yangu. Umeniokoa."

Mzee alitazama mlangoni, akatazama kule kwenye migomba. Alipohakikisha hakuna mtu, alimrudishia daftari.

"Mwanangu," alisema polepole, "uliandika nini humu?"

Nyangate alidhani anamkemea. Alifungua kinywa aombe msamaha, lakini mzee alikuwa tayari ametoa barua mfukoni, akaiweka kwenye kiganja chake na kumfumba vidole juu yake.

"Nisomee na hii pia. Sogea karibu na sikio. Persis alikuwa ananong'ona."

"Nyangate!" Esnah alikuwa amesimama mlangoni, macho mekundu, sahani mkononi. "Wee binti, njoo ndani ule, nimekutengea kwa mkono wangu."