Barua Aliyoikatiza Baba

Sheria ilishazoeleka: kompyuta mpya ikifungua waraka wa zamani ambao haukukamilika, huumalizia yenyewe, na maneno yake huhesabiwa kuwa ya mwandishi. Mashavu alilijua hilo alipofungua barua ya marehemu baba yake, aliyoikatiza siku aliyofariki.

"Mwanangu, zile dawa anazoniletea mumeo..."

Hapo ndipo baba alipoishia. Kabla Mashavu hajabonyeza chochote, maneno yakaendelea: "...ndizo zinazoniua."

Aliisoma tena sentensi nzima.

Mumewe, Shekue, aliingia na kikombe cha chai. "Baba aliandika nini, mke wangu?"

"Salamu tu," alijibu, akaizima kompyuta.

"Haya, kunywa basi, itapoa."

Mashavu alikipokea kikombe kwa mikono miwili, asithubutu kukifikisha mdomoni.