Ripoti ya Treni ya Sekiondo

Sheria iliagiza kila ripoti ya uchunguzi wa ajali isomwe kwenye spika za mitaa, bila kuficha jina la mtu. Kwa hiyo Jumanne saa nne asubuhi Bi Tunukiwa, mjane wa dereva wa treni, alikaa barazani ameshika tama. Tangu treni ya mumewe iache reli na kuua watu kumi na mmoja, majirani walikuwa hawamsalimu.

"Dereva Sekiondo hakulala wala hakuzidisha mwendo," spika ikasema. "Breki hazikushika. Alipiga honi mpaka mwisho."

Tunukiwa akaangua kilio. Majirani wakaja mbio.

"Tusamehe, dada," alisema Mama Ngwali akimkumbatia. "Tulikudhulumu."

"Yamekwisha," alijibu, na kweli kifua chake kilikuwa chepesi, mara ya kwanza baada ya miaka miwili.

Spika ilikuwa bado inasoma. Ikamtaja fundi aliyezipitisha breki zile bila kuzikagua: Mbwambo, wa nyumba ya pili. Wanawake wote wakageuka. Mke wa Mbwambo, aliyekuwa akianika nguo, aliacha beseni palepale, akaingia ndani na kufunga mlango.

"Karibuni ndani, chai ipo," Tunukiwa akawaambia upesi.

Hakuna aliyesogea; wote walikuwa wakiutazama mlango wa Mbwambo.