Kichekesho Kwanza

Verlene Tibbs alisugua ngazi ya chini kabisa, akamwaga maji machafu kando, akamgeukia mdogo wake aliyejifungia garini huku hita inaunguruma.

"Umeziona, Clovis? Zinang'aa."

Clovis akateremsha kioo kidogo. "Zing'ae zising'ae, nani wa kuziona? Dada, mtaa huu hata paka wamehama."

"Maneno ni yale yale. Akija hata mtoto mmoja, siuzi."

"Na asipokuja?"

"Kesho nasaini karatasi za yule bwana wa maghala anayetaka kununua. Nawe utapumzika kunileta."

"Mtoto na kichekesho chake," Clovis akasisitiza. "Usije ukampa pipi mtoto aliyepotea njia, kisha uniambie umeshinda."

"Kwani mimi nimekulia Chicago?"

St. Louis si mji wa kugawa pipi ovyo. Jioni ya Halloween, watoto wanapopita nyumba kwa nyumba kuomba pipi, mtoto akija na kinyago chake usoni, hata kiwe cha kutisha namna gani, hapewi kitu bure. Kichekesho kwanza. Asiye nacho akatafute. Verlene alianza kugawa pipi kwenye ngazi hizi akiwa msichana, akimsaidia mama yake, na siku hizo foleni ilifika hadi kona, watoto wakinong'onezana wasije wakarudia kichekesho cha mwenzao. Mwaka jana walikuja ndugu wawili tu. Mama yao naye akahamia vitongojini.

Alikunjua kiti alichokitoa kwenye buti, akaketi, akaweka bakuli la pipi mapajani. Pembeni akawasha taa ya betri, maana umeme walishakata zamani. Taa ikiwaka, mtoto anajua anakaribishwa.

Jua likashuka. Kwa mbali, upande wa mtoni, kilele cha Tao, lile tao kubwa la chuma la mji, kilibaki kimeshika mwanga, chembamba kama kipande cha ukucha. Upepo wa kusini ukaleta harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia. Mtu hakuja.

Clovis akapiga honi. "Utaganda hapo! Twende nyumbani."

"Nipo nyumbani."

"Haya, mwenye nyumba." Akapandisha kioo.

Verlene alikuwa ameanza kukubali kwamba ameshindwa. Mkono wake ulikwenda kwenye taa ili aizime, ukarudi, ukaenda tena. Ndipo basi dogo la watalii lilipokata kona, likija taratibu, na ndani yake kijana mmoja akihubiri kwa kipaza sauti.

"Tao mmelipanda, ravioli za kukaanga mmekula. Sasa huu ndio mji wenyewe! Haya matofali mekundu yalichomwa kwa udongo wa hapa hapa, na wezi wanajua thamani yake kuliko sisi. Wanaitia nyumba moto. Wazima moto wakija, maji yao yanalegeza saruji. Kabla majivu hayajapoa, matofali yako kwenye lori yanakwenda kusini kujenga majumba ya watu."

Simu zikaelekezwa madirishani, kushoto na kulia.

Basi likasimama mbele ya Verlene. Kijana akashuka, akavua kofia. "Habari za jioni, mama. Mimi Terrell. Samahani, wageni wangu wanaomba wakupige picha hapo ulipoketi."

"Ulisoma sekondari gani?"

"Sumner."

"Basi wewe wa kwetu. Wapige. Lakini niambie, humo ndani hamna mtoto?"

Alikuwemo. Msichana mwenye masharubu ya paka yaliyochorwa kwa wanja alikuwa amebandika pua kwenye kioo. Terrell akamwita. Akashuka, akasimama mbali kidogo na bakuli, mikono nyuma.

"Mama amesema nisiombe vitu kwa watu maskini."

Ndani ya basi mtu akakohoa. Verlene akacheka puani. "Mama yako ana mdomo. Sogea, paka."

Mlango wa gari ukafunguliwa kwa kishindo. "Hapana!" Clovis alikuwa tayari yuko barabarani. "Huyu mtalii! Hahesabiki."

"Ana miguu?"

"Dada..."

"Ana masharubu? Basi anahesabika. Kaa kimya umsikilize mwenzio." Akamgeukia msichana. "Kwetu ni kichekesho kwanza, mwanangu. Huna, hupati."

Msichana akamtazama Terrell. Terrell akatikisa kichwa kukubali: ndivyo ilivyo. Msichana akafikiri, akavuta pumzi.

"Mtoto wa mzimu alimwuliza mama yake, 'Mama, watu wapo kweli?' Mama yake akamwambia, 'Kula chakula chako ulale. Hizo ni hadithi tu za kutishia watoto.'"

Kisha Verlene akaangua kicheko mpaka shali ikamwanguka mabegani, akacheka huku anafuta macho kwa mkono ulionukia sabuni bado. Terrell naye akacheka. Hata Clovis alilazimika kugeuka, akajifanya anaangalia tairi.

Verlene akammiminia msichana bakuli zima kwenye kofia ya koti lake. "Umesikia, Clovis?"

"Nimesikia." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Umeshinda. Usiuze. Kaa nayo mpaka ufe."

Msichana alikuwa tayari anatafuna. Akamtazama Clovis, akamtazama Verlene, akatazama ngazi nyeupe mpaka juu.

"Akae na nini?"

Juu ya ngazi hapakuwa na mlango, wala ukuta, wala paa. Palikuwa na majani makavu, marefu kama yeye, hadi mtaa wa pili.