Mtoto wa Kilo Tano

Mkunga wa zahanati alipima tumbo la Siwema kwa utepe, akapima tena.

"Mtoto ni mkubwa mno. Huenda akafika kilo tano. Nenda hospitali leo hii."

Siwema akamtazama mama mkwe wake, Bi Zaina, aliyezoea kujigamba kwamba watoto wa ukoo wao huzaliwa wakubwa, tena nyumbani.

"Mama, naogopa. Naomba niende."

Bi Zaina aliinama, akaanza kumvisha viatu kwenye miguu iliyovimba.

"Wangu wa kwanza naye alikuwa mkubwa hivi," alisema bila kuinua uso. "Nilimzalia nyumbani. Hakulia."

Kiatu kilikataa kuingia. Siwema akashuka kitandani pekupeku, mkono mmoja tumboni, mwingine begani mwa mama mkwe, wakaelekea mlangoni.